Milioni kumi za kwenda Maldives: anza kwa kuuliza bei ya boti

Swali: Mimi ni muuguzi hapa Dodoma, mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Tarehe 12 Februari 2027 tunatimiza miaka kumi ya ndoa na hatukuwahi kwenda fungate. Tumekusudia kwenda Maldives, siku sita hivi. Tuna milioni sita benki, na kikoba kikivunjwa Desemba tutapata nyingine nne. Nimeona mtandaoni hoteli ya dola 300 kwa usiku, yenye vile vibanda vya juu ya maji, na mnafika kwa ndege inayotua baharini. Je, fedha zetu zinatosha au tunajidanganya? Sisi si watu wa pombe. Mume wangu hajui kuogelea. Pasipoti yangu ni mpya, yake inaisha Juni 2027.

Jibu:

Dada yangu, hongereni kwa miaka kumi. Milioni kumi zinawatosha kwenda Maldives, kula vizuri, kuona bahari ile na kurudi bila deni. Kwa hoteli uliyoiona hazitoshi. Nitakufanyia hesabu uione mwenyewe, maana watu wengi wanaoniletea safari ya visiwa vile wameangukia shimo hilo hilo. Wanatazama bei ya chumba na kudhani ndiyo bei ya safari.

Chukua hicho chumba cha dola 300. Tazama kama pembeni ya bei kuna alama mbili za kujumlisha, hivi: ++. Maana yake bado ada ya huduma, asilimia 10, na bado kodi ya utalii, ambayo tangu Julai 2025 ni asilimia 17 na inatozwa juu ya bei pamoja na ile ada. Dola 300 zinakuwa 330, kisha 386. Halafu kuna kodi ya kijani: kwenye visiwa vya hoteli ni dola 12 kwa kila mtu kwa kila usiku, yaani 24 kwenu wawili. Usiku mmoja umefika dola 410. Usiku tano ni 2,050. Sasa ndege ya kutua majini: hoteli nyingi za mbali zinatoza kati ya dola 300 na 600 kwa mtu mmoja, kwenda na kurudi. Tuseme 450; ninyi wawili ni 900. Mmefika dola 2,950, bado hamjala chakula cha mchana na bado hamjanunua tiketi ya kutoka Dar es Salaam. Na kule huwezi kutoka kwenda kula kwa mama lishe wa jirani. Kisiwa kizima ni hoteli moja, na maji ya kunywa unayanunua kwao kwa bei yao.

Nina uchungu na jambo hili. Niliwahi kuletewa maharusi wawili wa Arusha waliokwisha kulipa kifurushi cha dola 1,500 kwa wakala wa nje. Walikuja kwangu kuomba msaada wa tiketi tu, nami sikuuliza zaidi. Ndege yao ilitua saa kumi na moja jioni. Ndege za majini huruka mchana tu, kwa sababu rubani lazima aone maji anayotua, na ukifika baada ya saa tisa na nusu hivi kwa kawaida siku yako imekwisha. Wakalala Hulhumalé, mji ulio jirani na uwanja wa ndege, kwa fedha zao, usiku wa kwanza wa hoteli ukapotea, na asubuhi wakaambiwa nauli ya ile ndege haimo kwenye kifurushi. Wakapiga simu nyumbani kuomba watumiwe pesa, wiki ya harusi yao. Tangu siku ile, swali langu la kwanza kwa kila hoteli ya Maldives ni hili: kutoka mlango wa uwanja wa ndege mpaka kitandani kwenu, mteja analipa nini, kwa chombo gani, na mwisho saa ngapi? Bei ya chumba naiuliza baadaye.

Sasa njia inayowafaa. Maldives ina visiwa karibu 1,200, na chini ya 200 ndivyo vyenye wenyeji: vijiji, misikiti, shule, maduka, wavuvi. Kwa miaka mingi mgeni alilala kwenye visiwa vya hoteli tu. Sheria ilipolegezwa mwaka 2009, wenyeji wakaanza kujenga nyumba za kulala wageni vijijini mwao. Huko ndiko nawapeleka. Bahari ni ile ile, samaki ni wale wale. Kinachobadilika ni nani unayempa fedha yako, na kwamba jioni unatembea barabarani kama mtu badala ya kuzunguka ua wa hoteli.

Kwa mara ya kwanza na kwa fungu lenu nachagua Maafushi. Kiko kusini ya uwanja wa ndege, na boti ya mwendo kasi inachukua kama nusu saa au zaidi kidogo, karibu dola 25 kwa mtu kwa safari moja. Gati liko hapo hapo nje ya uwanja; mwenye nyumba ya wageni atawawekea nafasi mkimpa namba ya ndege. Kuna pia kivuko cha serikali cha dola mbili tatu, lakini kinaondokea Malé penyewe, mji mkuu, kinakaribia saa moja na nusu, na Ijumaa hakitembei. Ukiwa na mabegi baada ya usiku mzima angani, usijitese. Panda ya dola 25.

Wapo watakaokwambia Maafushi kumejaa watu. Ni kweli, nyumba za wageni zimebanana. Lakini kujaa huko ndiko kunakoshusha bei: boti ya kwenda kuona kasa ikipata watu kumi na wawili, mnagawana mafuta kumi na wawili. Ukienda kisiwa kitulivu mkawa wageni wawili, boti ile ile mnailipia ninyi. Kama utulivu ni muhimu kwenu kuliko matembezi, tazama Thoddoo. Ni kisiwa cha wakulima wa matikiti na mapapai, fukwe zake ni nzuri sana na kasa wanaonekana karibu na pwani. Boti yake ni ya zaidi ya saa moja na nauli inapanda. Dhigurah nako kunasifiwa kwa papa potwe, wanaoonekana mwaka mzima upande ule wa kusini wa kundi la visiwa la Ari. Hapo nitakuwa mkweli kwako kama dada: ikiwa papa potwe ndiye anayekuvuta, Mafia tunao, kati ya Oktoba na Machi, mbele ya Kilindoni, na hakuna haja ya pasipoti. Msilipie nauli ya Dhigurah kwa ajili yake.

Kitu ambacho Maldives watawapa na pwani yetu haitoi kirahisi ni maji yasiyokimbia. Mtu aliyelala Paje au Jambiani kule Zanzibar anajua: asubuhi bahari iko mlangoni, mchana imekwenda zake hadi kwenye mwamba na wewe unatembea juu ya majani ya bahari kuifuata. Kwetu bamvu, yaani maji makuu ya mwezi, linaweza kupandisha na kushusha maji karibu mita nne. Maldives tofauti ni kama mita moja tu, kwa hiyo saa yoyote mkitaka kuoga, maji yapo. Kwa mume wako asiyejua kuogelea hili ni kubwa. Ufukwe wa wageni wa Maafushi una maji ya kina kifupi anapoweza kusimama. Na mkichukua safari ya fungu la mchanga, yaani kile kichuguu cheupe kinachochomoza katikati ya bahari, atakaa juu yake maji yakimfika magotini, akiona rangi zile zile anazoziona mpiga mbizi. Kwenye boti avae jaketi la kuokolea tangu gatini, na aseme wazi kwa nahodha kwamba haogelei. Wanaume huona aibu kusema. Wewe ni muuguzi, utalisema wewe.

Nimepiga hesabu hivi. Milioni kumi nazihesabu kuwa dola 3,800, nikiacha nafasi kidogo ya shilingi kuyumba. Tiketi za Dar es Salaam hadi Malé kupitia Doha au Dubai tengeni dola 900 kwa kila mmoja, 1,800. Mkipata pungufu, kinachobaki ni chenu. Nyumba ya wageni nzuri yenye kifungua kinywa tafuteni ya dola 80 kabla ya kodi, ambayo baada ya kodi na huduma ni 103, kwa usiku sita 618. Kodi ya kijani kwenye nyumba ndogo za visiwa vya wenyeji, zisizozidi vyumba 50, ni nusu ya ile ya hoteli: dola 6 kwa mtu kwa usiku, jumla 72. Boti kwenda na kurudi, 100. Chakula cha mchana na cha usiku, dola 30 kwa mtu kwa siku, 360. Safari moja ya kasa na fungu la mchanga, tuseme 40 kwa mtu, 80. Na siku moja hotelini, ambayo nitaieleza, 130 kwa mtu, 260. Jumla 3,290. Zinabaki dola 510, na hizo msizipangie kitu. Ni za ndege kuchelewa, homa, na zawadi ya mama mkwe.

Siku moja hotelini ndiyo siri ya safari hii. Hoteli kadhaa za visiwa jirani zinauza kibali cha mchana: boti inawachukua asubuhi Maafushi, mnakula chakula cha mchana kwao, mnatumia ufukwe na bwawa, mnapiga picha zenu mbele ya vile vibanda vya juu ya maji, jioni mnarudishwa. Hamlali kwenye kibanda, ni kweli. Lakini mnaipata ile picha uliyoibeba moyoni kwa gharama isiyofika ya usiku mmoja wa kulala kule. Uliza mambo mawili: je, boti na chakula vimo ndani ya bei, na je, vinywaji vimo. Kisha mwombe mwenye nyumba awawekee nafasi siku mbili tatu kabla, maana hoteli ikijaa wageni wake huwa haipokei wa mchana.

Kuhusu tarehe, naomba mzisogeze. Februari ni mwezi mzuri kule. Kaskazi yetu ndiyo hiyo hiyo yao, wao huiita iruvai, nayo huleta ukavu kuanzia Desemba au Januari hadi Aprili, kisha upepo wa kusini-magharibi unaleta mvua. Mabaharia wameziunganisha pwani zetu na visiwa vile kwa pepo hizo tangu zamani. Ibn Battuta aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 ndiye yule yule aliyekuja kuwa kadhi wa Maldives mwaka 1343. Tatizo la Februari 2027 si hewa. Mwaka mpya wa Kichina unaangukia tarehe 6, na wageni kutoka China ni wengi sana kule, basi bei za wiki ile zinaruka. Halafu Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu tarehe 8, kutegemea mwezi kuandama. Maldives ni nchi ya Kiislamu kikamilifu. Mchana wa Ramadhani migahawa ya vijijini hufungwa, na mgeni hula ndani ya nyumba alikofikia. Kama ninyi ni Waislamu, bila shaka mngependa kufungia nyumbani. Kama si Waislamu, mtatumia siku zenu sita mkila kwa kujificha, na matembezi yatapungua. Nendeni kati ya tarehe 17 na 25 Januari. Ukavu umeingia, bei za sikukuu zimeshuka, za China hazijapanda. Tarehe 12 Februari mtakuwa nyumbani Dodoma mkitazama picha.

Kikoba nacho nimekifikiria. Kosa ambalo wengi hufanya ni kusubiri mgawo wa Desemba ndipo wakate tiketi, na kufika hapo tiketi za Januari zimepanda. Kateni tiketi Septemba au Oktoba kwa zile milioni sita za benki. Zinatosha na chenji inabaki. Nyumba ya wageni wekeni ile inayoruhusu kufuta bila kulipa hadi siku chache kabla ya kufika, msitoe hata senti. Mgawo wa kikoba ukitoka, ndio unakuwa chakula, boti na matembezi. Kwa njia hiyo, hata kikoba kikichelewa wiki mbili, safari haivunjiki. Na tafadhali msikope kwenye simu ili mpande hadhi ya chumba.

Tiketi iwe moja, kutoka Dar es Salaam mpaka Malé, chini ya namba moja. Watu huunganisha tiketi mbili tofauti pale Dubai kwa sababu zimetoka nafuu kidogo, halafu ya kwanza inachelewa, ya pili inaondoka, na hakuna shirika linalowajibika. Zaidi ya hapo, mabegi yako hayapelekwi moja kwa moja, na ili kuyachukua unahitaji viza ya kuingia. Kodi za kutokea Maldives zinakuwamo ndani ya tiketi, usikubali mtu akutoze uwanjani.

Viza ya Maldives hupewi shida nayo: mnagongewa siku 30 bure mkifika, Mtanzania kama mtu mwingine yeyote, mkionyesha tiketi ya kurudi, mahali pa kulala na fedha za kujikimu. Lakini ndani ya saa 96 kabla ya kufika kila mmoja ajaze fomu ya IMUGA kwenye tovuti ya uhamiaji wao, na tena kabla ya kuondoka. Fomu hiyo ni bure. Kuna tovuti zilizojifananisha nayo zinazodai dola kadhaa, zikwepeni. Kadi ya homa ya manjano bebeni. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, na ukishachanjwa inatambuliwa maisha yote, hilo hunihitaji mimi kukufundisha.

Mavazi: kwenye ufukwe uliotengwa kwa wageni, ambao wameuwekea alama, mtu anavaa nguo za kuogelea atakazo. Nje ya hapo, mabega na magoti yafunikwe. Khanga zako mbili zitakufaa kuliko kitu chochote cha dukani. Pombe hairuhusiwi kuingizwa nchini hata chupa moja ya zawadi, wala nyama ya nguruwe, watavichukua pale pale forodhani. Kwenu ninyi hilo ni nafuu, maana kwenye visiwa vya hoteli vinywaji ndivyo vinavyomaliza watu. Msibebe matumbawe kurudi nayo; ni kosa kule.

Chukueni dola za noti safi, nyingi zikiwa ndogo, za 5, 10 na 20. Fedha yao inaitwa rufiyaa, na dola moja rasmi ni 15.42. Migahawa midogo hupanga bei kwa rufiyaa, na ukilipa kwa dola wanakuzungushia hesabu kwa upande wao, basi badilisheni kidogo mkifika. Soketi zao kwa kawaida ni za pini tatu bapa kama zetu. Saa zao ziko mbele yetu kwa saa mbili.

Na kuleni chakula chao. Asubuhi ombeni mas huni: jodari aliyechambuliwa, nazi mbichi iliyokunwa, kitunguu, pilipili na ndimu, kwa chapati nyembamba wanayoiita roshi. Mchana kuna garudhiya, mchuzi mwepesi wa jodari na wali. Jioni vijiwe vya chai huuza vitafunwa vya samaki mfano wa sambusa na kachori, kwa bei ya wenyeji. Mkila hivyo siku tatu kati ya sita, ile bajeti ya dola 30 kwa siku hamtaimaliza.

Sasa, kabla ya yote haya, pasipoti ya mume wako. Inaisha Juni 2027, na mkirudi tarehe 25 Januari itakuwa imebakiza kama miezi mitano. Mashirika ya ndege hutaka miezi sita, na mfanyakazi wa kaunta Dar es Salaam anaweza kumzuia hapo hapo hata kama Maldives wenyewe wangempokea. Aombe mpya Uhamiaji mwezi huu, Sh 150,000, na tiketi msikate mpaka ameshika kitabu kipya mkononi, kwa sababu namba ya pasipoti ndiyo mtakayoiandika kwenye tiketi na kwenye IMUGA. Akishaipata, niandikie tena na tarehe mlizoafikiana, nami nitakupa maswali ya kumtumia mwenye nyumba ya wageni kabla hujamlipa chochote.